Kupunguza madeni kwenye biashara na masoko ya fedha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni wa aina mbili: wenye biashara iliyobeba mikopo kupita uwezo wake, na wanaonunua hisa, hatifungani au fedha za kigeni kwa hela ya dalali. Kila upande unadhani tatizo lake ni la peke yake. Hesabu ni ile ile, kwa hiyo nimewajibu pamoja, na palipo na tofauti nimeitaja.

Levareji ni nini, na kuipunguza ni kufanya nini?

Ni ukubwa wa mali unayoiendesha ukilinganisha na kile kilicho chako kweli. Una 20 zako, ukakopa 80, ukanunua mali ya 100: levareji yako ni mara 5. Kuipunguza ni kushusha uwiano huo, ama kwa kupunguza deni ama kwa kuongeza cha kwako.

Kumbuka kwamba ni uwiano, si kiasi. Kampuni inaweza kukopa zaidi mwaka huu na levareji yake ikashuka, mradi mtaji wake umekua haraka kuliko deni. Kinyume chake nacho hutokea: unalipa kila mwezi bila kukosa, huku levareji inapanda kwa sababu thamani ya mali yako inaporomoka kuliko kasi ya malipo yako. Hili la pili ndilo linalowashtua watu.

Mkopo uliotuinua mwaka jana unatuumizaje mwaka huu?

Chukua mfano huo huo: 20 zako, 80 za mkopo, mali ya 100. Bei ikipanda asilimia 10, mali inakuwa 110, deni linabaki 80, na cha kwako kimetoka 20 hadi 30. Umevuna asilimia 50 kwenye soko lililopanda asilimia 10 tu. Hapo ndipo mtu hujiona fundi.

Sasa igeuze. Bei ishuke asilimia 10. Mali ni 90, deni bado ni 80, cha kwako ni 10. Nusu ya mtaji imekwenda. Lakini kuna jambo jingine limetokea ambalo wengi hawalihesabu: levareji yako haijabaki mara 5, imeruka hadi mara 9, na wala hukukopa hata senti moja ya nyongeza. Mkopeshaji akitaka urudi kwenye mara 5, ukiwa na 10 zako unaruhusiwa kushika mali ya 50 tu. Itabidi uuze mali ya 40 kati ya 90 iliyobaki, yaani asilimia 44, kwa sababu ya mshuko wa asilimia 10. Na unauza wakati bei ni mbaya na wenzako wenye mikopo kama yako nao wako sokoni wanauza.

Irudie hesabu hiyo kwa tarakimu zako mwenyewe kabla hujaendelea kusoma. Karibu kila kinachofuata kinatoka humo.

Nitajuaje kama deni limezidi?

Wengi huanza na deni gawanya kwa mtaji, kwa kuwa ni rahisi kulisoma kwenye mizania. Si kipimo kibaya, ila mizania inaonyesha thamani za vitabuni, na vitabu havilipi riba. Ni afadhali kuanza na fedha.

Faida ya uendeshaji, kabla ya riba na kodi, inaifunika riba mara ngapi? Faida ya 12 kwa riba ya 4 ni mara 3. Ikikaribia mara 1, biashara yote inamfanyia kazi mkopeshaji. Kisha tazama marejesho yote, riba pamoja na mkopo wenyewe: fedha inayobaki baada ya kuendesha shughuli inatosha? Wakopeshaji wengi hutaka angalau mara 1.2 au 1.25, maana yake kwa kila 100 ya marejesho pawepo 120 au 125 ya kulipia. Halafu kuna kipimo wanachokipenda wachambuzi: deni lote, ukitoa fedha taslimu iliyopo, ni mara ngapi ya faida ya mwaka kabla ya riba, kodi na uchakavu? Mwaka 2013 wasimamizi wa benki wa Marekani waliandika kwenye mwongozo wao kwamba deni linalozidi mara 6 ya faida hiyo linatia wasiwasi kwa kampuni za sekta nyingi. Kwa biashara ambayo mapato yake yanayumba na misimu, mimi ningeanza kuwa na wasiwasi kwenye mara 3.

Ukishamaliza vipimo, chukua karatasi uandike tarehe. Mkopo upi unaiva lini, nani anaweza kuudai kabla ya muda, na kwa sababu gani. Biashara yenye uwiano mzuri kabisa huanguka kwa sababu ya mkopo mmoja ulioiva katika mwezi ambao hakuna benki iliyokuwa inakopesha.

Njia za kupunguza deni ni zipi?

Ukizichambua zote zinarudi kwenye tano: kulipa kwa fedha itokanayo na biashara, kuuza mali, kuingiza mtaji mpya, kumshawishi mkopeshaji asamehe sehemu au ageuze deni kuwa hisa, na kukua mpaka deni lile lile lionekane dogo. Hiyo ya tano ndiyo inayoandikwa kwenye kila mpango wa biashara, na ndiyo isiyotegemeka kuliko zote, kwa sababu ukuaji wenyewe mara nyingi unaomba mkopo mwingine.

Kulipa kwa fedha ya biashara ni njia safi lakini ya polepole. Fedha hiyo hupatikana mahali pasipo na mvuto: kwa wateja wanaokaa na hela yako, kwenye stoo iliyojaa bidhaa zisizotembea, na kwenye gawio. Tuseme mauzo yako kwa mwaka ni 365, yote kwa mkopo. Kila siku moja unayoipunguza kwenye muda wa wateja kulipa inakuachia 1 mkononi. Ukiwatoa kwenye siku 60 hadi siku 45, umepata 15 taslimu bila kuuza hata kiti, na bila kumwomba mtu yeyote kibali.

Kwenye gawio, mfano mzuri ni AB InBev, kampuni kubwa ya bia. Mwaka 2016 ilinunua SABMiller kwa zaidi ya dola bilioni 100 na ikabaki na mlima wa deni. Oktoba 2018 ilikata gawio kwa nusu, na wanahisa hawakufurahi. Mwaka 2020 ikakamilisha kuiuzia Asahi ya Japani biashara yake ya Australia kwa takriban dola bilioni 11. Deni lake halisi, yaani baada ya kutoa fedha taslimu, lililokuwa karibu mara 4.8 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu mwishoni mwa 2017, lilishuka chini kidogo ya mara 3 mwishoni mwa 2024. Hiyo ni miaka saba, kwa kampuni yenye fedha inayoingia kila siku. Anayekuahidi kuimaliza kazi hii kwa robo mbili za mwaka ana kitu anataka kukuuzia.

Nikiuza mali, niuze ipi?

Soko litakupa bei nzuri kwa kile kilicho kizuri, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukiuza kitengo kinachoingiza faida, deni linapungua lakini na faida ya kulilipa inapungua.

Kuna kipimo chepesi. Biashara ina deni la 400 na faida ya 100 kwa mwaka, yaani mara 4. Ina kitengo kinacholeta 20 kati ya hiyo 100. Ukikiuza kwa 120, sawa na mara 6 ya faida yake, deni linabaki 280 na faida 80: uwiano ni mara 3.5. Ukikiuza kwa 60, sawa na mara 3, deni linabaki 340 juu ya faida ya 80: uwiano umepanda hadi mara 4.25. Umelipa deni na umezidi kuelemewa. Kwa hiyo bei ya kitengo, ukiigawa kwa faida yake, izidi uwiano wa deni wa biashara nzima. La sivyo, huo si upunguzaji wa deni ingawa benki itakupigia makofi.

Vitu visivyoingiza kitu, kama viwanja vilivyolala, magari ya ziada na hisa za kampuni za marafiki, havihitaji hesabu. Anza navyo.

Kuingiza wanahisa wapya si kujiuza?

Ni kugawana umiliki, ndiyo. Swali ni unagawana kwa bei gani, na bei hiyo inategemea umekwenda sokoni ukiwa umesimama au umepiga magoti.

Rio Tinto, kampuni ya madini, iliinunua Alcan ya Kanada mwaka 2007 kwa takriban dola bilioni 38, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo. Mwaka uliofuata bei za metali zikaanguka. Ikajaribu kukubaliana na Chinalco ya China ilete dola bilioni 19.5, mpango huo ukavunjika Juni 2009, na badala yake ikawaomba wanahisa wake dola bilioni 15.2 kwa hisa mpya zilizouzwa Uingereza kwa karibu nusu ya bei ya soko. Kampuni ilipona. Lakini kiasi kile kile kingechangwa wakati wa kununua Alcan, kingehitaji hisa chache zaidi. Wenye biashara wengi hukataa mtaji mpya wakati unapatikana kwa bei nzuri, kwa sababu wakati huo hawauhitaji. Wanaukubali wakati hawana la kusema juu ya bei.

Nina mikopo kadhaa. Nianze kulipa upi?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, ila hawakusema ulipe lipi kwanza. Ushauri wa kawaida ni kuanza na mkopo wenye riba kubwa, na kwa hesabu tupu ni ushauri sahihi: kila unachokilipa kinaokoa riba nyingi zaidi.

Kwa biashara mimi ningeweka swali jingine mbele ya hilo: ni deni lipi linaweza kunifunga? Mkopo wa riba ya asilimia 9 unaoweza kudaiwa wote kwa notisi ya siku 30 ni hatari kuliko wa asilimia 14 wenye ratiba ya miaka minne. Mkopo uliowekewa rehani mashine ambayo bila hiyo hakuna uzalishaji ni hatari kuliko deni la mgavi ambaye naye anakuhitaji. Mkopo wa riba inayobadilika unakuwa mkopo mwingine kabisa riba zikipanda. Na mkopo ambao wewe binafsi umeudhamini kwa nyumba yako una uzito ambao hauonekani kwenye mizania ya kampuni.

Ondoa kwanza kile kinachoweza kukusimamisha, kisha rudi kwenye riba. Ukitoka nje ya utaratibu wa riba kwa sababu hiyo, gharama yake ihesabu kama bima.

Angalia pia adhabu ya kulipa kabla ya muda. Ipo kwenye mikataba mingi na husomwa siku ambayo hela iko tayari mkononi.

Kuongeza muda wa mkopo ni kupunguza deni?

Hapana. Deni ni lile lile na riba utakayolipa kwa jumla itaongezeka. Hata hivyo kuna wakati ni hatua muhimu kuliko kulipa sehemu ya deni, kwa sababu inaondoa tarehe mbaya kwenye ile karatasi. Kosa linaanza pale muda uliopatikana unapotumika kukopa tena.

Nitaanzaje mazungumzo na mkopeshaji?

Kabla hujakosa rejesho la kwanza. Mteja anayekuja na kusema mwezi wa nne kutakuwa na pengo anapokelewa na ofisa mikopo. Aliyekwisha kukosa miezi mitatu anapelekwa kitengo cha madeni mabaya, na watu wa huko kazi yao ni nyingine.

Nenda na makadirio ya fedha ya wiki 13, wiki kwa wiki: nini kinaingia, nini kinatoka, salio ni ngapi. Yawe na wiki mbaya ndani yake. Makadirio yasiyo na wiki mbaya hayaaminiki. Omba kitu mahususi: kulipa riba tu kwa miezi sita, kusogeza tarehe ya mwisho, au kulegezewa sharti fulani la mkataba. Mkopeshaji ataomba chake, na kwa kawaida ni ada, riba kubwa kidogo au dhamana zaidi. Ada na riba vinajadilika. Kuhusu dhamana binafsi mpya kwa deni la zamani la kampuni, uwe mgumu sana. Ukisaini hapo umelihamisha deni kutoka kwenye kampuni hadi sebuleni kwako, na hukupata hata senti mpya.

Uwiano umeshuka kwenye taarifa ya mwaka. Tatizo limekwisha?

Inategemea umeshukaje. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, ilikuwa na mali takriban mara 30 ya mtaji wake mwishoni mwa 2007, na soko lilianza kuuliza. Ripoti ya mkaguzi aliyeteuliwa na mahakama, iliyotoka mwaka 2010, ilieleza ilivyofanya: kila robo ya mwaka ilipokaribia kufungwa, ilitoa hatifungani za 105 kwa kila 100 ya fedha, ikaandika vitabuni kwamba imeuza ilhali ilikuwa imekopa, ikatumia fedha hiyo kulipa madeni mengine, na siku chache baada ya hesabu kufungwa ikazirudisha. Katikati ya 2008 mali ya takriban dola bilioni 50 iliondolewa kwenye mizania kwa njia hiyo. Tarehe 15 Septemba 2008 ikaomba ulinzi wa ufilisi.

Carillion, kampuni ya ujenzi ya Uingereza iliyoanguka Januari 2018, ilitumia njia ya upole zaidi: benki iliwalipa wagavi wake mapema, na kampuni ikaendelea kuyaandika kama madeni ya kawaida ya wadai wengine badala ya mkopo wa benki. Kila mwekezaji anayesoma mizania ajiulize hivi: deni la kampuni siku ya kufunga hesabu ni ngapi, na siku ya kawaida katikati ya mwezi ni ngapi? Kampuni inayotoa wastani wa mwaka mzima ina uwezekano mdogo wa kuficha kitu. Tazama pia riba iliyolipwa. Deni la 100 kwenye mizania na riba ya 16 kwa mwaka, wakati soko linakopesha kwa asilimia 8, ni dalili kwamba kuna 100 nyingine mahali fulani.

Dalali ananipa levareji ya mara 100. Nipunguze hadi ngapi?

Mara 100 ni kikomo tu. Levareji yako halisi ni thamani ya ulichokifungua gawanya kwa salio la akaunti. Una 1,000 na umefungua nafasi, yaani dau lako sokoni, ya 5,000: uko kwenye mara 5, hata kama tangazo la dalali linasema 100 au 500. Kwa hiyo kupunguza ni kupunguza ukubwa wa unachofungua, wala huhitaji kumwomba dalali chochote. Lakini jipime: nafasi tatu zote zinazobeti kwamba dola itashuka ni nafasi moja kubwa iliyoandikwa mara tatu.

Mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, mwaka 2018 iliwawekea wateja wa kawaida kikomo cha mara 30 kwa jozi kuu za fedha na mara 2 kwa sarafu za kidijitali, ikieleza kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja hao hupoteza fedha. Japani iliweka kikomo cha mara 25 mwaka 2011. Ukiwa nje ya nchi zenye vikomo, hicho si kibali cha kutumia mara 500, ingawa ndivyo matangazo yanavyoisoma hali hiyo.

Wengi hujibu kwamba wana amri ya kufunga hasara, yaani agizo kwa dalali afunge nafasi bei ikifika mahali fulani. Amri hiyo hufanya kazi pale tu panapokuwa na mnunuzi kwenye bei uliyoitaja. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro, na faranga ikaruka ndani ya dakika chache. Amri zilitekelezwa mbali kabisa na bei zilizowekwa. Dalali FXCM alijikuta akiwadai wateja wake takriban dola milioni 225, na Alpari ya Uingereza ikafilisika. Wateja wao waliamka wakiwa na akaunti chini ya sifuri. Kabla ya kuweka fedha popote, uliza kama salio linaweza kushuka chini ya sifuri na nani atalipa likishuka, na jibu liwe kwa maandishi.

Kwa nini watu wote wakipunguza madeni kwa wakati mmoja soko linaanguka?

Rudi kwenye ile hesabu ya 44. Mmoja akiuza mali ya 40, soko linaimeza. Wakiuza mia moja wenye mali ya aina moja, bei inashuka asilimia 10 nyingine, na kila mmoja anatakiwa kuuza tena. Bei ya chini inazaa mauzo, tofauti na sokoni kwa kawaida ambako bei ya chini huleta wanunuzi. Kabla ya mwaka 1929 mnunuzi wa hisa New York aliweza kuweka asilimia 10 au 20 ya bei na kukopa kilichobaki. Leo, na tangu mwaka 1974, kanuni ya Marekani inamtaka aweke angalau asilimia 50 anaponunua.

LTCM, mfuko wa uwekezaji wa Marekani, ulikuwa na mtaji wa karibu dola bilioni 4.7 mwanzoni mwa 1998 na mikopo inayozidi dola bilioni 120. Miongoni mwa washirika wake walikuwamo Robert Merton na Myron Scholes, walioshinda Nobel ya uchumi mwaka 1997. Nafasi zao zilitawanywa nchi nyingi, na kwenye karatasi hazikuhusiana. Urusi iliposhindwa kulipa deni lake la ndani mwezi Agosti, ikadhihirika zilikuwa na uhusiano mmoja ambao modeli yao ya hesabu haikuuona: zilishikiliwa na watu wa aina moja, wenye mikopo ya aina moja, na wote walitaka kutoka siku moja. Septemba, kwa kuitishwa na Benki Kuu ya Marekani ya New York, taasisi 14 ziliweka dola bilioni 3.6 ili mfuko ufungwe taratibu.

Usidhani hili ni la mali hatari tu. Septemba 2022 mifuko ya pensheni ya Uingereza ilikuwa imetumia mkopo kushika hatifungani za muda mrefu za serikali, mali ambayo kila kitabu kinaiita salama. Bajeti ndogo ya serikali ya tarehe 23 ilizishusha bei, madai ya kuongeza dhamana yakaja, mifuko ikauza hatifungani zile zile kupata fedha, bei zikashuka zaidi. Tarehe 28 Benki Kuu ya Uingereza ikatangaza kwamba iko tayari kununua hadi pauni bilioni 65. Ilinunua pauni bilioni 19.3 tu, kujua kwamba mnunuzi yupo kulitosha kuwatuliza wengi. Na tarehe 5 Agosti 2024, waliokopa yeni kwa riba ndogo walipokuwa wakikimbilia kuzirudisha, Nikkei, faharisi ya bei za hisa za Japani, ilianguka asilimia 12.4 kwa siku moja, kisha kesho yake ikapanda zaidi ya asilimia 10. Thamani ya kampuni za Japani haikubadilika kiasi hicho kwa usiku mmoja. Kilichobadilika ni nani alilazimika kuuza. Aliyefungiwa nafasi na dalali Jumatatu hakuwepo Jumanne.

Na nchi nzima ikiamua kulipa madeni?

Matumizi ya mmoja ni mapato ya mwingine, kwa hiyo kaya na kampuni zote zikibana kwa pamoja, mapato yanapungua na deni linazidi kuwa zito. Mchumi Irving Fisher aliieleza hali hiyo mwaka 1933: kadiri wadaiwa wanavyolipa, ndivyo wanavyozidi kudaiwa, kwa kuwa bei zinashuka na kila kiasi cha deni kinanunua vitu vingi zaidi. Japani ililionja baada ya mwaka 1990, kampuni zikalipa madeni kwa miaka mingi hata riba ilipokaribia sifuri. Nikkei ilifika kilele cha 38,915 Desemba 1989 na ikakivuka tena Februari 2024. Ugiriki nayo mwaka 2012 ilisamehewa na wakopeshaji binafsi asilimia 53.5 ya thamani ya hatifungani zao, lakini uwiano wa deni na pato la taifa ukabaki mkubwa kwa sababu pato lenyewe lilikuwa linasinyaa.

Kulazimisha kwa amri nako kuna bei yake. Agosti 2020 China iliwawekea wajenzi wa majumba mistari mitatu: madeni yasizidi asilimia 70 ya mali, bila kuhesabu malipo ya awali ya wanunuzi, deni halisi lisizidi mtaji, na fedha taslimu itoshe mikopo ya muda mfupi. Mistari yenyewe ni ya busara, na mwenye biashara anaweza kuiazima kama ilivyo. Ila iliwakuta watu ambao biashara yao nzima iliendeshwa kwa kukopa ili kulipa mkopo uliotangulia. Evergrande, mmoja wa wajenzi hao, yenye madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, ilishindwa kulipa mwaka 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe.

Nimemaliza kulipa. Kuna kingine cha kufanya?

Ndiyo, na ni kazi ya makaratasi ambayo hakuna atakayekufanyia. Dai barua inayosema salio ni sifuri, yenye tarehe na namba ya mkopo. Hakikisha rehani imefutwa kwenye daftari la msajili, siyo kwenye mfumo wa benki peke yake. Mali yenye rehani isiyofutwa haiuziki wala haiwekwi dhamana tena. Dhamana binafsi iandikiwe barua yake ya kuachiliwa, kwa sababu nyingi zimeandikwa kufunika mikopo yote ya sasa na ijayo ya kampuni, na hubaki hai mkopo ukiisha. Futa agizo la kudumu la kukata rejesho. Bima iliyoandikwa jina la mkopeshaji kama mnufaika irudishwe kwenye jina lako. Na kama una mkopo wa akaunti wenye kikomo ambao hutumii, amua sasa kama unaufunga au unaubakiza: ukiubakiza kwa ajili ya miezi migumu, soma kwanza kama benki inaweza kuuondoa bila notisi.